Kinundu cha Shingo na Kipimo cha Vinasaba: Maswali ya Wakazi wa Mbeya na Iringa

Mtu wa Nyanda za Juu Kusini akigundua kinundu shingoni, mara nyingi hupokewa na kauli mbili. Ya kwanza: "Hiyo goita tu, huku wengi wanayo." Ya pili: "Kakatwe haraka, inaweza kuwa saratani." Kila moja inaweza kuwa kweli, na kila moja inaweza kumuumiza mtu ikitamkwa kabla ya vipimo. Sasa kuna kauli ya tatu, ambayo watu huipata kwa ndugu walioko nje au huisoma kwenye simu: kwamba kipo kipimo cha vinasaba kinachoweza kueleza kama kinundu ni cha kukatwa au cha kuachwa.

Kipimo hicho kipo kweli. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kumwepusha mtu na kisu asichokihitaji, na faida hiyo ina thamani zaidi kwa mkulima wa Makete au Rungwe kuliko kwa mtu anayeishi jirani na hospitali kubwa. Lakini huja baada ya ultrasaundi na sindano iliyosomwa vizuri, kamwe si kabla.

Kwa nini huku milimani wenye uvimbe wa shingo ni wengi?

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo. Hutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili, ukuaji wa mtoto na ubongo wa kichanga kilicho tumboni. Malighafi yake kuu ni madini joto. Katika milima ya Uporoto, safu ya Livingstone na uwanda wa Kitulo, mvua za maelfu ya miaka zimeyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo na kuyashusha mabondeni hadi baharini. Viazi, mahindi na mboga zinazolimwa huko hutoka na madini joto kidogo mno. Tezi ikikosa malighafi hupanuka ili inase hata kile kidogo kinachopita kwenye damu. Ikiendelea hivyo miaka mingi, sehemu zake hukua bila kulingana, na hapo ndipo vinundu hutokea.

Taifa halikukaa kimya. Kuanzia mwaka 1986 hadi 1994, dozi zaidi ya milioni 5 za vidonge vya mafuta yenye madini joto ziligawiwa katika wilaya zilizoathirika vibaya, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Katikati ya miaka ya 1990 ikawekwa sheria kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Mwaka 2004 wanafunzi zaidi ya 140,000 nchini walipimwa shingo. Goita, ambayo miaka ya 1980 ilikutwa kwa takriban asilimia 25 ya watoto wa shule, ilikuwa imeshuka hadi asilimia 6.9. Ni mafanikio makubwa ya afya ya jamii, na hayasifiwi inavyostahili.

Ila hesabu hiyo ni ya watoto. Mwanamke aliyezaliwa Ludewa au Rungwe mwaka 1965 alikuwa anakaribia miaka 30 chumvi hiyo ilipoanza kuenea madukani. Tezi yake ilikwisha kuhangaika ujana wote. Chumvi yenye madini joto huzuia goita mpya. Kinundu kilichokwisha kujijenga hakiyeyushi. Ndiyo maana wajukuu wana shingo laini na bibi zao bado wana vinundu, na ndiyo maana kizazi hicho cha akina bibi ndicho hasa kinachohusika na habari hii ya vinasaba.

Basi nikinywa matone ya madini joto, kinundu kitapungua?

Usifanye hivyo bila daktari. Tezi yenye vinundu ikimwagiwa madini joto ghafla inaweza kuanza kutengeneza homoni kupita kiasi: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda huku anakula. Miaka ya 1990 jambo hili lilionekana Zimbabwe na Kivu, mashariki mwa Kongo, baada ya chumvi yenye madini joto kuingia katika jamii zilizoyakosa kwa muda mrefu. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, hatari hiyo si ndogo. Chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, kwa kiasi cha kawaida cha chakula, inatosha nyumbani.

Kila kinundu ni saratani inayosubiri?

Hapana. Hata katika nchi ambazo hazina upungufu wa madini joto, watu wazima 4 hadi 7 kati ya 100 wana kinundu kinachoweza kuguswa kwa vidole, na ultrasaundi huonyesha vinundu kwa wengi zaidi ya hao. Kati ya vinundu vinavyochunguzwa hospitalini, vinavyokutwa na saratani ni kama 7 hadi 15 katika 100. Vilivyobaki ni uvimbe usioua.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kusubiri mavuno yaishe: kinundu kinachokua haraka kwa wiki chache, kilicho kigumu na kisichosogea, sauti iliyokauka bila mafua, chakula kukwama, pumzi kubana ukilala chali, au matezi mengine yaliyovimba ubavuni mwa shingo. Kinundu kwa mtoto nacho kichukuliwe kwa uzito, kwa sababu kwa watoto uwezekano wa saratani ni mkubwa kuliko kwa watu wazima. Vivyo hivyo kwa mtu aliyewahi kupigwa mionzi ya tiba shingoni alipokuwa mdogo.

Hospitalini naanza na kipimo gani?

Damu, kupima homoni iitwayo TSH. Ikiwa iko chini, pengine kinundu chenyewe ndicho kinachotengeneza homoni nyingi, na vinundu vya aina hiyo ni nadra kuwa saratani. Kisha ultrasaundi. Mpimaji hutazama kama kinundu kimejaa maji au nyama, kingo zake zikoje, kama kina chembe za chokaa, kama ni kirefu kwenda chini kuliko upana wake. Wataalamu wa mionzi wa Marekani walitoa mwaka 2017 utaratibu wa alama uitwao TI-RADS, unaotumika sasa sehemu nyingi duniani. Kwa utaratibu huo, kinundu chenye sura ya hatari kubwa huchomwa sindano kikifika sentimita 1, cha hatari ya kati kikifika 1.5, na cha hatari ndogo kikifika 2.5. Kilichojaa maji matupu hakichomwi kwa ajili ya kutafuta saratani.

Nasisitiza hapa kwa sababu watu hupaharakisha. Ripoti ya ultrasaundi iliyoandika "goita" peke yake, bila ukubwa wa kila kinundu na sura yake, haimsaidii daktari anayefuata. Una haki ya kuomba vipimo viandikwe kwa sentimita na nakala ubaki nayo. Mgonjwa anayetoka Kyela kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au wa Kilolo anayepewa rufaa Iringa mjini na baadaye Muhimbili, hubeba historia yake yote katika bahasha. Bahasha ikiwa tupu, anaanza upya na nauli mpya.

Nimeambiwa saratani ikiguswa na chuma husambaa. Sindano haitaiamsha?

Hofu hii imewafukuza wengi hospitalini, na wengine wamerudi baada ya miaka wakiwa hawawezi kumeza. Sindano inayotumika ni nyembamba kuliko ya kutolea damu. Inachomwa mara mbili tatu, chembechembe zinavutwa, zinapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ili zisomwe kwa hadubini. Mamilioni ya watu wamepimwa hivyo duniani kwa miongo mingi, na kusambaa kwa saratani kupitia njia ya sindano ni tukio la nadra sana. Maumivu ni ya dakika chache, na mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Majibu ya sindano yana maana gani?

Maabara nyingi hutumia mpangilio wa makundi sita, unaoitwa Bethesda kwa jina la mji wa Marekani ambako wataalamu walikutana mwaka 2007. Toleo lake la 2023 linaeleza wastani wa uwezekano wa saratani kwa kila kundi. La kwanza ni sampuli isiyotosha, ambayo hurudiwa. La pili ni uvimbe usio wa saratani, hatari yake ikiwa kama asilimia 4. La sita ni saratani, kwa uhakika wa karibu asilimia 97, na la tano ni la kushukiwa sana, asilimia 74.

Shida iko katikati. Kundi la tatu lina wastani wa asilimia 22 na la nne asilimia 30. Mgonjwa anaambiwa: pengine si saratani, lakini hatuwezi kukuhakikishia. Jibu hili linachosha kuliko jibu baya, maana mtu harudi nyumbani na tumaini wala na mpango.

Kwa nini hadubini inashindwa? Kwa saratani ya papilari, iliyo ya kawaida zaidi, viini vya seli hubadilika sura na msomaji mzoefu huvitambua. Kwa uvimbe wa folikula hali ni tofauti. Seli za uvimbe usioua na za saratani hufanana. Kinachozitofautisha ni kama seli hizo zimetoboa ganda la kinundu au zimeingia kwenye mishipa ya damu. Sindano huchota seli bila ganda. Ukichukua konzi ya mahindi kutoka guniani utajua ni mbegu gani na kama imeliwa na wadudu, lakini konzi hiyo haiwezi kukuambia kama gunia limepasuka upande wa chini. Kwa miaka mingi njia pekee ya kujua ilikuwa kulitoa gunia zima, yaani kukata nusu ya tezi na kuipasua maabara. Wengi waliokatwa hivyo walikutwa hawana saratani.

Kipimo cha vinasaba kinatafuta nini hasa?

Kinatafuta makosa ya maandishi ndani ya seli za kinundu. Kila seli ina maagizo ya lini igawanyike na lini itulie, na saratani nyingi za thairoidi huanza pale agizo moja linapobadilika na seli ikabaki imewashwa.

Badiliko linalojulikana zaidi liko kwenye jeni iitwayo BRAF. Herufi moja tu ya kinasaba inabadilika, na protini inayotokana nayo haizimiki tena. Badiliko hilo, liitwalo V600E, lilielezwa kwenye saratani ya thairoidi mwaka 2003. Likikutwa kwenye kinundu, karibu hakuna shaka kwamba ni saratani ya papilari. Mradi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliochambua saratani za papilari 496, uliona mabadiliko ya BRAF katika takriban asilimia 60 ya saratani hizo, na ya jeni za familia ya RAS katika asilimia 13 hivi.

RAS ni ngumu zaidi kuielewa, na naomba msomaji asiruke hapa. Mabadiliko ya RAS hukutwa kwenye saratani ya folikula, lakini hukutwa pia kwenye uvimbe wa folikula usioua. Jibu la "RAS imebadilika" linaongeza mashaka bila kuhukumu. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa walikubaliana hata kuondoa neno saratani katika jina la aina moja ya vinundu, ambavyo mara nyingi vina mabadiliko ya RAS, kwa sababu vikishatolewa vyote tabia yake ni ya upole sana. Kwa hiyo mtu asikimbilie kuondolewa tezi nzima kwa sababu ya mstari mmoja kwenye karatasi.

Kuna mengine: vipande vya jeni vilivyong'oka na kuungana mahali pasipo pake, kama RET au PAX8 na PPARG, na badiliko la TERT, lililogunduliwa kwenye saratani hizi mwaka 2013, ambalo likikaa pamoja na BRAF huashiria saratani kali zaidi. Vipimo vipana vya siku hizi hutazama jeni zaidi ya mia kwa mkupuo mmoja.

Ndicho kile kipimo cha DNA cha kumjua baba wa mtoto?

Hapana. Kile hulinganisha vinasaba vya watu wawili ambavyo walizaliwa navyo. Hiki hutazama mabadiliko yaliyotokea baada ya kuzaliwa ndani ya kinundu tu. Hakisemi lolote kuhusu baba wa nani ni nani, na mate au tone la damu havitoshi. Sampuli ni ile ile ya sindano ya shingo. Nchini kwetu sampuli na taarifa za vinasaba vya binadamu zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kabla sampuli yako haijapelekwa popote, hasa nje ya nchi, uliza inakwenda wapi, kwa idhini gani, na majibu atayaona nani.

Kipimo hiki kinaaminika kiasi gani?

Tafiti mbili zinatosha kuonyesha. Wa mwaka 2012, katika jarida la The New England Journal of Medicine, ulipima vinundu 265 vyenye majibu ya katikati kwa kipimo kiitwacho Afirma, ambacho husoma jinsi jeni zinavyofanya kazi. Vinundu 85 vilikuwa saratani. Kipimo kilivishuku 78 na kikapitwa na 7. Ukitazama hivyo 7, utaona kwamba 6 vilikuwa na seli chache mno za tezi kwenye sampuli. Kosa lilianzia kwenye sindano. Mashine ya gharama kubwa ilikuwa imeletewa sampuli isiyotosha.

Wa pili ulichapishwa mwaka 2019 kuhusu kipimo cha ThyroSeq, kilichotengenezwa Pittsburgh, ukihusisha vituo 10 vya Marekani na Singapore. Kiligundua asilimia 94 ya saratani, na kati ya vinundu visivyo na saratani kiliviachia huru asilimia 82. Kinundu kilichotoka na jibu safi kilikuwa kweli si saratani kwa asilimia 97. Lakini kilichotoka na jibu la kushuku kilikuwa saratani, au kile kinundu cha upole kilichobadilishwa jina, kwa asilimia 66 tu. Waandishi walikadiria kwamba hadi asilimia 61 ya wagonjwa wa kundi la tatu na la nne wangeweza kuepuka upasuaji wa kutafuta ugonjwa.

Kipimo kikisema hapana, kinaaminika. Kikisema ndiyo, bado kunahitajika daktari anayefikiri.

Matokeo ya Wamarekani yanatuhusu sisi wa Mbeya na Iringa?

Kwa sehemu. Mwili ni mmoja na BRAF ni ile ile. Lakini mazingira hubadilisha mchanganyiko. Mahali penye upungufu wa madini joto, saratani ya folikula huchukua sehemu kubwa zaidi, na mabadiliko ya RAS huonekana zaidi. Madini joto yakirejeshwa, papilari hupanda. Huku kwetu vizazi viwili vinaishi nyumba moja: mama aliyekua bila madini joto na binti aliyekua nayo. Vinundu vyao vinaweza kuwa na asili tofauti.

Kingine ni hesabu. Asilimia 97 na 66 zilitoka kwenye vituo ambako karibu theluthi moja ya vinundu vya katikati vilikuwa saratani. Mahali ambapo goita zisizo za saratani ni nyingi, jibu safi huaminika zaidi, na jibu la kushuku huaminika kwa kiwango cha chini zaidi. Ndiyo sababu nasema kipimo hiki huku kwetu kingefaa hasa kwa kuwaachia watu. Na ndiyo sababu vinundu vya Nyanda za Juu vinastahili kusomwa vinasaba na watafiti wetu wenyewe, visipimwe tu kwa vipimo vilivyoundwa kutokana na sampuli za watu wengine, wengi wao Wazungu.

Kinapatikana Mbeya?

Vipimo vipana nilivyovitaja hufanywa na maabara za Marekani, na bei yake huko huzidi dola 3,000. Si kitu cha kuuzia shamba. Mtu akikwambia atakufanyia "kipimo cha jeni cha goita" kwa tone la damu sokoni, anakudanganya.

Hata hivyo teknolojia yenyewe si ngeni mkoani. Kituo cha Utafiti wa Tiba cha Mbeya, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kimefanya kazi ya vinasaba vya vijidudu kwa miaka mingi katika utafiti wa Virusi vya Ukimwi na kifua kikuu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanyika Mbeya wa kuthibitisha mashine ya GeneXpert, ambayo leo hospitali nyingi nchini huitumia kupima makohozi. Kutafuta badiliko moja kama BRAF V600E kunatumia kanuni hiyo hiyo ya kuzidisha kinasaba na kukitambua, na kunagharimu sehemu ndogo ya kipimo kipana. Ipo pia njia ya kutia rangi maalumu kwenye nyama iliyokatwa ili protini iliyobadilika ionekane kwa hadubini. Kwa nchi yetu, hiyo ndiyo hatua ya kwanza yenye akili: jeni chache, zilizochaguliwa, katika maabara iliyopo, pamoja na wataalamu wa patholojia wa kutosha kuisoma sindano yenyewe.

Nikipata jibu la katikati leo, nifanye nini?

Kama ni kundi la tatu, sindano ikirudiwa baada ya muda mara nyingi hutoa jibu lililo wazi zaidi. Omba vioo vya kwanza visomwe na mtaalamu wa pili. Vioo husafirishwa kirahisi, na msomaji wa hospitali ya Muhimbili au ya KCMC si lazima amwone mgonjwa. Ikiwa ultrasaundi haina sura mbaya na kinundu ni kidogo, kusubiri kwa kupimwa tena baada ya miezi 6 hadi 12 ni tiba halali. Ikiwa ultrasaundi ni mbaya au kinundu ni cha kundi la nne na ni kikubwa, kukata nusu ya tezi ndiyo njia inayokubalika, na nusu inayobaki kwa wengi hutosheleza mwili.

Kwa nini wasiitoe tezi yote tukamaliza?

Kwa sababu hatumalizi. Asiye na tezi hunywa kidonge cha homoni kila asubuhi hadi mwisho wa maisha, na hupimwa damu ili dozi iwe sahihi. Kwa mtu wa Isangati au Mufindi ya ndani, ambako kidonge kikikosekana dukani ni lazima kupanda gari kukitafuta mjini, huo ni mzigo wa kweli. Akikosa kwa miezi huvimba uso, huchoka na akili huzubaa. Nyuma ya tezi kuna vitezi vinne vidogo vinavyolinda kalisi. Vikidhurika, vidole hukakamaa. Pembeni hupita mshipa wa fahamu wa sauti; ukiguswa vibaya, mwalimu au mwanakwaya hupoteza kazi yake.

Korea Kusini imetufundisha upande mwingine. Kati ya 1993 na 2011, upimaji wa ultrasaundi kwa watu wasio na dalili uliongeza saratani za thairoidi zilizogunduliwa mara 15, lakini vifo havikupungua. Maelfu waliondolewa tezi kwa ajili ya saratani ndogo ambazo hazingewaua. Kwa hiyo sipendekezi watu wapange foleni kupima shingo zisizo na tatizo.

Watoto wangu watarithi?

Mabadiliko ya BRAF na RAS kwenye kinundu hayarithiwi. Kuna saratani moja ya thairoidi iliyo tofauti, ya medula, ambayo ni nadra. Takriban robo yake hutokana na badiliko la jeni ya RET ambalo mtu huzaliwa nalo, na kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kulipata. Hapo tone la damu la kupima vinasaba lina maana kwa familia nzima, kwa sababu mtoto aliyerithi anaweza kuokolewa kwa kutolewa tezi mapema. Ikiwa ripoti ya ndugu yako inataja saratani ya medula, mweleze daktari ukoo wote.

Nyama iliyotolewa inakwenda wapi?

Swali hili huulizwa na wachache, na natamani liulizwe na wote kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Kila tezi iliyokatwa, hata iliyoonekana kuwa goita ya kawaida, ipelekwe kwa mtaalamu wa patholojia. Huko vipande vyake hugandishwa ndani ya nta na kuhifadhiwa. Kipande hicho kidogo hukaa miaka bila kuharibika, na vinasaba vyake bado vinaweza kusomwa. Mtu aliyekatwa Mbeya mwaka huu, saratani ikarudi baadaye, anaweza kupimwa BRAF au RET kutoka kwenye nta ile ile bila kisu kipya. Ikiwa ni saratani inayohitaji madini joto yenye mionzi, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam itadai ripoti hiyo kabla ya kuanza. Waulize wahusika namba ya sampuli yako, iandike kwenye daftari la kliniki, na mwachie nakala mtu wa nyumbani anayejua kutunza karatasi.